Nchi Inayosomwa kwa Kidole

Pale Kamina reli inayotoka Lubumbashi hugawanyika: moja huenda Ilebo, nyingine hupita Kabongo kuelekea Ziwa Tanganyika. Hii ni nchi ya Waluba, na kati ya 1971 na 1997 mkoa mzima uliitwa Shaba. Jina liliustahili. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, watu wa kale walizikwa pamoja na misalaba midogo ya shaba. Lakini Waluba walipotaka kuiweka nchi yao mkononi, hawakuyeyusha madini. Walichukua kipande cha mti.

Kibao hicho ni lukasa. Hushikwa mkononi, na kiuno chake kimebanwa kidogo. Mchongaji huchimba uso wake taratibu, akiacha kingo zimeinuka, hapa tuta, pale mfereji. Kisha huja shanga, moja moja, kila moja imeshikizwa kwa kijiti au msumari mwembamba. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ni mfalme na watu wake. Safu ya shanga ni njia. Mgongoni mwa kibao mchongaji huchanja pembetatu nyingi, kama gamba la kobe, kama chale za mwili wa mwanamke.

Ninachokihusudu zaidi ni pale fundi anapoacha. Kilima hakiwekei miti, wala mto hauwekei mawimbi. Anaweka tuta tu, basi, kwa kuwa kazi iliyobaki ni ya mtu wa mbudye, chama cha watunza kumbukumbu. Huyo hukishika kibao kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha kulia kikaanza safari: hapa anamwimba Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mbele kidogo Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni, kisha mwanawe Kalala Ilunga. Siku nyingine, penye shauri jingine, shanga ileile huwa ziwa, au kitenta, mahali patakatifu pa mfalme aliyefariki.

Fikiria mchoro wa shaba nyeusi ukutani: hata ukiwa mzuri kiasi gani, humwonyesha mpita njia mlima uleule kila asubuhi. Lukasa huonyesha mlima unaohitajika leo.

Kibao kimoja kimehifadhiwa Brooklyn Museum, New York. Matuta yapo, shanga zipo, njia zote zipo. Kinachokosekana ni kidole.