Uasili wa Muziki: Nani Anaongoza, Nani Anaitikia?

Katika wilaya za Mbulu na Hanang kijana mwenye simu anaweza leo kurekodi sauti ya mzee wa Kiiraqw au wimbo wa Kidatoga, akauwekea mapigo mazito ya polepole, kisha akaiita kazi hiyo yake. Wako watakaosema kuwa huo ni wizi na kasumba ya kuiga Uzungu. Wako watakaosema kuwa huo ndio ubunifu wenyewe. Pande zote mbili zinakosea, kwa sababu hazijauliza swali la msingi: uasili wa kazi ya sanaa hupimwa kwa kipimo gani?

Tuanze na historia. Muziki huo wa polepole una chimbuko lake. Huitwa triphopu, nao ulizaliwa Bristol, Uingereza, mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya watumwa. Miongoni mwa waliouzaa walikuwamo watoto wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Massive Attack walitoa albamu ya Blue Lines mwaka 1991, Portishead wakatoa Dummy mwaka 1994, na Tricky akatoa Maxinquaye mwaka 1995. Ni muziki wa besi nzito, sauti zenye majonzi, na vipande vilivyokatwa kutoka santuri za zamani.

Sasa tutazame jambo moja. Dummy ina wimbo uliojengwa juu ya kipande cha santuri ya mwaka 1971 ya Isaac Hayes, Mmarekani Mweusi. Maxinquaye nayo ina wimbo uliojengwa juu ya kipande hicho hicho. Malighafi ni moja, lakini nyimbo ni mbili. Ule wa kwanza ni dai la mwanamke aliyechoka na michezo ya mapenzi. Ule wa pili ni mnong'ono wa kijana aliyezongwa na mji wake. Basi anayedai kwamba kuazima peke yake kunaua uasili hana hoja.

Wazee wetu walilijua hilo zamani. Mzee wa Kiiraqw anapotamka slufay, yaani sala ya baraka, hutumia maneno na taswira alizorithi. Hakuna anayemlaumu kwa kurithi. Umahiri wake huonekana katika kuupanga urithi huo kwa haja ya siku ile, na watu waliokusanyika humwitikia. Hapo tunapata kipimo tunachokitafuta. Kazi ni asilia pale inapokuwa na msemaji wake, na wengine wote, pamoja na vyombo, wanamwitikia.

Tukitumie kipimo hiki kwa kazi iliyo karibu nasi. Mwaka 2002 Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma na mwalimu wa sanaa Bagamoyo, alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gita wa Kanada, kupitia kampuni ya Real World ya Uingereza. Brook si mgeni wa njia hii. Yeye ndiye aliyetayarisha Mustt Mustt ya Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan, mwaka 1990, na wimbo uliobeba jina la albamu hiyo ulisukwa upya na Massive Attack wenyewe.

Mwenye kuisikiliza Assembly kwa makini atasikia mambo mawili yanayopingana. Pale marimba ya mkono na zeze vinapotangulia, sauti ya Zawose ikapanda na kushuka ipendavyo, na gita la umeme likasubiri zamu yake, tunasikia kitu ambacho hakikuwapo Dodoma wala Uingereza. Huo ni uasili kamili. Lakini pale mapigo ya mashine yanapoitandaza ngoma ya Kigogo iwe sawasawa kama barabara ya lami, mwimbaji hugeuka pambo. Uamuzi wetu ni kwamba albamu hii ni asilia kwa kiasi kile Zawose anachoongoza, na hupungua uasili kila anapogeuzwa mwitikiaji katika nyumba yake mwenyewe.

Wananchi wa Hanang hawahitaji kufundishwa tofauti hii. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma yalipanuliwa katika nyanda za Basotu. Ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarabaig zililimwa, na baadhi ya bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee wao, zikapitiwa na plau. Trekta halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba mwenye ardhi hakupewa nafasi ya kuamua. Sauti nayo ni ardhi. Inaweza kulimwa bila mwenyewe kuulizwa.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, hakutaka tujifungie milango. Alitaka tujifunze kwa wengine bila kuacha vyetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inatambua ulinzi wa sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kufanya kazi ya elimu.

Kwa hiyo kada anapoletewa kazi ya kijana wa Mbulu au Hanang, asikimbilie kuuliza kama mapigo yametoka Bristol. Aulize maswali matatu. Je, mzee aliyerekodiwa ameridhia, jina lake limetajwa, na ana fungu lake katika mapato? Je, maneno yake yamebaki na maana, au yamekatwakatwa yakawa kelele tamu? Je, katika kazi hiyo anaongoza, au anaitikia mashine?

Kijana akiyajibu vema, tumsifu hata kama amejifunza ufundi wake Ulaya. Akishindwa, tumrudishe kwa mzee huyo akakae, asikilize, na kuitikia kwanza.