Sindano ya ukurutu na jicho linalotafuta wekundu

Dupilumab, sindano ya ukurutu wa wastani hadi mkali, ilipimwa katika majaribio mawili pacha, SOLO 1 na SOLO 2, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016. Washiriki walikuwa 671 na 708, watu wazima ambao krimu za kupaka hazikuwatosha. Dawa hii huziba mlango ambao protini mbili za kinga, IL-4 na IL-13, huutumia kuchochea uvimbe na mwasho.

Makundi yalikuwa matatu: waliodungwa dawa kila wiki, waliodungwa wiki moja na kuruka nyingine, na waliopewa plasebo. Kundi la pili lingegundua siri mapema sana. Kwa hiyo wiki ya kuruka nao walidungwa, ila sindano isiyo na dawa. Wote wakachomwa kila wiki kwa wiki 16, mgonjwa wala daktari asijue nani kapewa nini. Aliyelemewa hadi akahitaji steroidi alihesabiwa kuwa hakupata nafuu. Ukali huo ndio unaonifanya niyaamini matokeo: katika SOLO 1, ngozi ilisafika au kukaribia kusafika kwa asilimia 38 ya waliodungwa kila baada ya wiki mbili, na asilimia 10 tu ya waliopewa plasebo.

Wasiwasi wangu uko kwenye jicho. Kipimo cha ukali wa ukurutu kiitwacho EASI hukagua wekundu, uvimbe, mikwaruzo na ngozi kukakamaa. Kwenye ngozi za watu wengi wa kwetu Endebess, Kenya, wekundu huo hujitokeza kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea. Mpimaji asiyeuzoea atatoa alama ndogo, na mgonjwa anayekesha akijikuna ataambiwa ugonjwa wake haujafikia kiwango cha kuingia kwenye jaribio. Katika SOLO zote mbili na jaribio la tatu, CHRONOS, kati ya washiriki zaidi ya 2,000, weusi walikuwa 128 tu.

Jaribio la namna hii likiletwa huku chini ya Mlima Elgon, wapimaji wafunzwe kwanza: wapapase ngozi, walinganishe kidonda na ngozi nzima iliyo jirani. Walimu wapo; kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kimekuwapo tangu 1992. Tena kila mshiriki apewe mafuta ya kulainisha ngozi, kama SOLO ilivyotaka yapakwe kila siku. Ukavu wa Januari peke yake huuchochea ukurutu, na anayekosa mafuta ataonekana kana kwamba dawa imemshinda.