Nani Alibeba Nyama?

Bando ikiwa bado ina uhai, nilijikuta natazama video za wanaume wa Alaska wanaopanga kuwinda muusi peke yao. Muusi ni mnyama wa misitu ya baridi, mkubwa kama pofu wetu, pembe pana kama ungo. Bunduki hazikunishika. Hesabu ndiyo ilinishika. Dume linaweza kupita kilo 500, nyama peke yake ikapita 200, na sheria ya huko inakataza kuiacha ioze porini. Kwa hivyo jamaa, kabla ya kufyatua, anajiuliza: nikimwangusha hapa, kilomita tatu kutoka mtoni, nitamtoaje? Kilo 35 mgongoni, mizigo sita, kurudi mikono mitupu mara tano. Hizo ni kilomita 33, na dubu ananusa. Mwingine anamwangalia muusi, anapiga hesabu, anamwacha aende zake.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, so mimi hiyo safari sitaipanga. Nilichofanya ni kurudi kwa African Game Trails, kitabu cha Theodore Roosevelt cha 1910, kilichokuwa kimenishinda nikiwa chuo (chuo pia kilinishinda, lakini hiyo ni karo). Nilikirudia kwa sababu sehemu yake moja inaelekea Sotik. Mimi ni mtu wa Bomet. Sotik naenda kwa matatu.

Alishuka Mombasa Aprili 1909, na Juni akatoka Kijabe kuvuka nchi kavu kuelekea huko, maji yakivutwa na ng'ombe. Sotik ya wakati ule ilikuwa jina pana, likigusa hata nyanda za Narok ya leo. Jamaa anajua kuandika, hilo siwezi kumnyima. Anaona ndege, anakiri hana shabaha kubwa, na simba akishambulia ukurasa unakimbia. Pia hafichi kwamba nyama nyingi ililisha kambi.

Lakini mnyama akianguka, sentensi inayofuata mara nyingi iko kambini. Katikati hapo ndipo kitabu kinapovuja. Kulikuwa na wapagazi kama 200, mzigo wa kawaida ratili 60, yaani kilo 27 hivi, na tani nne za chumvi ya kuhifadhi ngozi za makumbusho. Mwishoni wanyama wamehesabiwa kwa aina: yeye 296, mwanawe Kermit 216. Wabeba bunduki wanapata majina. Wapagazi wengi wanabaki kundi tu, linaloimba na kuchekesha.

Baada ya kuacha chuo nilibeba majani ya chai miezi saba, kutoka shambani kwetu hadi kituo cha kununulia. Kilo 27 si namba. Ni kamba kwenye bega, matope mekundu, na karani anayekata kilo mbili akisema majani yameloa. Kwa hivyo nikisoma kwamba ngozi zilifika kambini, mimi nauliza njia ilikuwaje, kulinyesha?

Hesabu ya muusi inambana mwindaji kwa sababu mgongo ni wake. Mgongo ukiwa wa mwingine, hakuna mnyama aliye mbali sana, na ndiyo maana kitabu hiki hakina wasiwasi. Kila ukurasa unaweza kuongeza kichwa kimoja. Kinanichosha kabla ya nusu, si kwa huruma, ni kwa sababu hakuna kitu kinachogharimu.

Mwaka 1905, miaka minne tu kabla yake, jeshi la Waingereza lilikuja Sotik, likaua watu na kuondoka na ng'ombe wao. Nasoma zile nyanda tulivu nikijua hilo.

Nilimsimulia gogo, akichambua mboga. Simba hawakumshtua, wala Rais wa zamani wa Marekani. Aliuliza kama wale wabebaji walilipwa kwa siku ama kwa kilo. Nimepekua kurasa tena. Bado natafuta.