Kitabu kinasema "watoto", nyumbani tunasema "batoto"

Bandugu, kila mara tukisikia masomo fulani ya huku Ibanda yamepata vitabu, tunapiga makofi na kutuma picha. Nani anauliza: vitabu gani?

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, kalasi zikajaa. Vitabu havikuongezeka hivyo. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inakubali mtoto afundishwe kwa lugha ya kwao, maana yake kwetu Kiswahili. Lakini ndani ya makartoni ya zawadi mara nyingi iko Kifaransa tu, na theluji na miti ya Noeli. Mtoto wa Panzi anatazama picha, anafunga. Sisi tunasema hapendi kusoma!

Njo maana nilifurahia African Storybook, kazi ya shirika la Saide la Afrika Kusini, iliyoanza 2014. Hadithi ni za bure, na Kiswahili kimo. Zile za ngazi ya chini zina picha kubwa na maneno machache kwa kila ukurasa. Mbuzi, soko, bibi: mambo mtoto anajua. Hapo nawasifu kabisa.

Ila nilipowasomea batoto wa jirani hapa Nguba, mmoja akaniuliza: "Yaya, juu ya nini kitabu inasema 'watoto'? Si ni batoto?" Swali la maana sana. Anayeanza kusoma anaunganisha herufi polepole ili akutane na neno ambalo sikio lake linajua. Akifika na asilikute, anaona amekosea, kumbe amesoma vizuri.

Wengine watasema "batoto" inaharibu lugha. Sikubali. Sanifu ataihitaji, ndiyo, lakini ngazi hupandwa kuanzia chini. Aanze na kinywa cha mama yake, kisha sanifu ifuate.

Na hapa hatuna kisingizio. Leseni ya hadithi hizo inaruhusu kutafsiri, kubadilisha na kuchapa, mradi tutaje waandishi wake. Sisi wenye diplome tunangoja nani? Kila mmoja achukue hadithi moja, aigeuze Kiswahili cha Bukavu, aichape kwa karatasi za kawaida, aende kuisoma kwa sauti ndani ya kalasi moja. Picha ya makofi tutapiga siku mtoto ataisoma yeye mwenyewe.