Mgomba, Barafu na Wajumbe Sita

Kwenye vihamba vya Machame, migomba na mibuni imesongamana. Panda juu: utaingia msituni, kisha kwenye vichaka vya baridi, kisha mawe matupu, mpaka barafu ya Kibo, mita 5,895. Mgomba ungekuwa na akili, ungedhani mlima mzima umeumbwa kwa ajili yake. Kumbe umeota tu pale ulipoweza kuota.

Wanafizikia wanaoamini malimwengu mengi hutumia hoja ya namna hiyo. Mwaka 1987, Steven Weinberg alionyesha kwamba nguvu inayotanua anga ingekuwa kubwa mno, galaksi zisingejikusanya, nasi tusingekuwepo. Mwaka 1998 wanaastronomia waligundua kuwa utanukaji huo unaongezeka kasi, na kwamba nguvu inayousukuma ni ndogo mno. Basi, husema, huenda yapo malimwengu yasiyohesabika, kila mmoja na vipimo vyake. Sisi tumeota kwenye kihamba chetu.

Shaaban Robert naye aliwaza nchi nyingine, ila kwa shabaha tofauti. Katika *Kusadikika* (1951), nchi yake inaelea angani. Karama, akishitakiwa na Waziri Majivuno, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Walirudi na habari za namna nyingine ya kuishi. Malipo yao yakawa gereza.

Nina lawama moja kwa riwaya hii: nchi hizo zinafanana mno, karibu zote ni za kuigwa. Mlima mmoja tu, kutoka vihambani hadi barafuni, una tofauti kubwa kuliko safari zote sita.

Lakini Shaaban Robert ana kitu ambacho wanafizikia hawana: wajumbe wake hurudi. Mpagazi wa Machame naye hufika juu na kurudi kutuambia kuwa huko hakuna mgomba. Kutoka ulimwengu mwingine hajarudi mtu.

Tena nadharia ile, ikichukuliwa kivivu, hutuambia kwamba kwetu kuko hivi kwa bahati tu. Karama anasema kinyume: kama kwingine kunawezekana, hapa si lazima pawe hivi. Nadhani Majivuno angeipenda sana ile nadharia. Kila nchi na bahati yake; ya nini kubadili sheria?