Usaha Usionuka

Sindano inapita katikati ya mbavu za kulia hadi kwenye jipu la ini, daktari anavuta. Kinachopanda kwenye bomba si usaha wa manjano tuliouzoea, bali uji mzito wa rangi ya chokoleti, na haunuki. Ni ini lenyewe lililoyeyuka. Ukiupima kwa hadubini, mara nyingi humwoni hata mmoja wa amiba, vimelea walioliyeyusha: wako ukutani mwa jipu, wanaendelea kula.

Kumwaga usaha peke yake, basi, hakuwagusi. Mwaka 1912 Leonard Rogers, huko Calcutta, alianza kudunga emetini, dawa ya mzizi wa ipekakuana. Iliwaua amiba, ila iliusumbua moyo wa mgonjwa. Kilichobadilisha mambo ni ripoti ya Powell na wenzake wa Durban, mwaka 1966: metronidazoli, iliyokuwa ikitibu maambukizi ya ukeni, ilitibu pia jipu la ini. Vidonge vikaanza kushika nafasi ya kisu. Mtu mzima hupewa miligramu 500 hadi 750 mara tatu kwa siku, siku 7 hadi 10, na wengi homa huwashuka katika siku chache za mwanzo. Altrasaundi itaonyesha shimo kwa miezi mingi baadaye; hilo lisimtie mtu kiwewe.

Kugundua ndiko kugumu. Amiba humezwa pamoja na maji au chakula kilichoingiwa na kinyesi, hutoboa utumbo mpana, kisha damu huwapeleka kwenye ini, hasa upande wa kulia. Lakini mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mwanamume, huenda hakuharisha kabisa, na choo chake kikipimwa hakionyeshi kitu. Ana homa, ubavu unauma, na bega la kulia pia, maana jipu linachokoza kiwambo na maumivu yanapanda na neva. Wangapi wamechuliwa bega kwa mafuta!

Sindano bado ina kazi yake: jipu kubwa mno, lililo upande wa kushoto karibu na moyo, au lisilosikia dawa. Jipu la bakteria, linaloanzia mara nyingi kwenye njia za nyongo na kuwaandama wenye kisukari, ni habari nyingine: hulazimu antibayotiki kwa wiki kadhaa na, kwa kawaida, kutolewa usaha.

Kinachonikera ni kuachwa kwa dawa ya pili, diloksanaidi au paromomisini, ya kuwamaliza amiba waliobaki utumboni. Mgonjwa keshapata nafuu, anakula ugali wake, anauliza ya nini tena. Anarudi nyumbani bila hiyo, na amiba wamo tumboni.