Mwanga kwa Kipimo

Tumbawe uyoga ni mnyama laini asiye na mifupa: bapa kama kisahani, mdomo katikati, kikonyo kifupi kikiwa kimeshika jiwe. Ndugu zake wa karibu ni matumbawe magumu yanayojenga miamba, yeye hajengi. Ndani ya nyama yake huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hugeuza mwanga kuwa chakula na kumgawia mwenyeji wake. Ndiyo maana kumfuga kwenye tangi ni kumlisha kwa taa, na ustadi wote uko katika kujua kiasi cha kumpakulia.

Kiasi hicho hutegemea asili yake. Katika Bahari ya Shamu, Rhodactis rhodostoma hukaa juu ya mwamba, juani. Jamaa yake Discosoma unguja, aliyebeba jina la kisiwa cha Unguja, hukaa mteremkoni kwenye kivuli. Discosoma wengi hutosheka na mikromoli 50 hadi 100 za mwanga kwa mita mraba kila sekunde, ilhali jua la utosini kwenye kina kifupi huweza kupita 1,000. Taa za LED zinafaa kwa sababu buluu na nyeupe hurekebishwa kila moja peke yake. Lakini buluu hulihadaa jicho: tangi huonekana lina giza, kumbe mwani unaunguzwa. Kipimo cha mwanga, hata cha kuazima, ni cha kuaminiwa kuliko macho.

Mgeni hupokewa taa zikiwa zimezimwa. Mfuko wake huelea tangini robo saa hivi ili joto lilingane, karibu nyuzi 25. Kisha maji ya tangi, yenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo, hudondoshwa mfukoni kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, matone mawili matatu kwa sekunde, hadi yaliyokuwemo yaongezeke maradufu. Maji ya dukani humwagwa nje.

Mahali pake ni chini, pembeni, penye mkondo mpole. Taa huanza kwa nusu ya nguvu na kupandishwa kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Hapo ndipo mfugaji mzuri hujulikana, kwa kuangalia kila siku bila kugusa. Tumbawe akijikunja na kupauka, mwanga umezidi. Akirefuka na kujifanya faneli, anautafuta.

Huenda akabanduka na kuelea. Gundi haishiki ute wake. Huwekwa kwenye kikombe chenye vipande vya mawe, kikafunikwa wavu, mpaka ashike mwenyewe. Akitulia, huanza kutambaa polepole mno, akiacha nyuma vipande vya wayo wake. Kila kipande huota mdomo, kikawa kisahani kipya kisichozidi punje ya choroko.